Chokaa Ikiwa Bado Mbichi

Kule Kapolowe, nikiwa mtoto, kulikuwa na kitu kilichokuwa kinakula kanisa.

Sisemi uongo. Ukuta wa nyuma, ule unaotazama shamba la mihogo la masista, ulikuwa unaliwa. Kila mwezi ulikuwa umebonyea ndani zaidi kidogo, shimo refu la mlalo, kwenye urefu wa kiuno cha mtu mzima. Wakubwa walipita pale wakitazama pembeni. Ubaya wenyewe ulikuwa jioni ya rozari, pale watu wanaponyamaza kati ya fumbo moja na lingine. Ulisikia upande wa pili wa ukuta kitu kinapita, shwaa, shwaa, polepole, kama mtu anapangusa kwa kitambaa kilicholowa. Mama yangu alikuwa ananibana mkono. Hakuna aliyetoka kwenda kuona. Katekista alisema ni majaribu, tuongeze sauti. Tukaongeza sauti, na kile kitu nacho kikaendelea na kazi yake.

Walikuwa mbuzi. Mbuzi wa misheni wenyewe. Siku walipokutwa, ndimi nje, watu walicheka, ila si kicheko kirefu, na mama yangu hakucheka kabisa. Alisema: leo tunajua ni mbuzi, sawa, lakini siku zile zote ambazo hatukujua, kilikuwa nini? Mimi mpaka leo, mzee niliyebaki na meno ya kuhesabika, sijapata la kumjibu.

Nimeanza na mbuzi kwa sababu ya chumvi. Aliyepaka ukuta ule alikuwa ametia chumvi katika chokaa, na mbuzi anafuata chumvi hata ndani ya sakramenti. Nilijiuliza kwa miaka mingi kwa nini mtu atie chumvi katika rangi. Shuleni hawakunifundisha, shule nilifanya miaka miwili na nusu, na ile nusu nilikuwa nafukuza ndege katika mtama wa mwalimu. Jibu nilikuja kulipata ukubwani, Kakontwe, nilipoingia kuvunja mawe ya chokaa na baadaye kulisha tanuru. Mzee mmoja wa tanuru, mtu asiye na kope hata moja, zote zilikwenda na moto, aliniambia: chumvi inashika maji, na chokaa inapenda kukauka pole. Ikikauka haraka inakuwa unga tu, unaupangusa kwa shati. Ikikauka pole inageuka jiwe tena. Inarudi pale ilipotoka, alisema, kama kila mtu.

Basi kazi hiyo imenilisha, si kwa tanuru tu. Nyumba nyingi za mtaa wetu hapa Likasi zimepita mkononi mwangu. Sikukuu ikikaribia, au msiba ukiisha, watu wananiita. Rangi ya kopo ni nzuri, sikatai, lakini kopo moja linaisha kabla hujafika kwenye kona, na baada ya mvua mbili rangi inavimba na kutoka kama ngozi ya nyoka. Mimi nachukua mawe ya chokaa yaliyochomwa, nayatupa majini kwenye pipa, nasimama mbali maana yanachemka yenyewe bila moto. Nayaacha siku kadhaa. Nachuja kwa soksi ya zamani ya mwanamke, ile nyembamba. Natia maji mpaka iwe kama maziwa ya mbuzi, si ya ng'ombe. Natia chumvi. Halafu, na hapa ndipo vijana wanakosea, nalowesha ukuta kwanza. Ukuta mkavu unanyonya chokaa kwa pupa na kuitapika.

Na kuna jambo moja juu ya chokaa ambalo lazima ulijue, bila hilo habari hii haisimami. Chokaa ikiwa bado mbichi haina weupe. Unapaka na kupaka, ukuta unaonekana umelowa tu, umekolea kama udongo. Zaidi ya hapo, ukuta ukilowa, kila kilichofunikwa zamani kinarudi juu: moshi wa mtu wa kabla yako, msumari uliozibwa, maandishi. Unaviona kama unavyoona mawe chini ya mto. Unakaa, unavuta sigara yako, na weupe unakuja taratibu ukianzia kingoni, na vile vitu vinazama tena kimoja kimoja. Kesho yake ukuta ni mweupe na hauna habari na mtu.

Sasa nifungue jambo ambalo binti yangu hakulijua mpaka mwaka jana. Nyumba ninamokaa haikuwa yangu.

Ilikuwa ya jirani. Yeye karani, mtu wa asili ya Kasai, mkoa wa juu kaskazini, baba yake aliletwa huku na treni kufanya kazi ya mgodi kabla mimi sijazaliwa. Mimi nilikaa nyumba ya chumba kimoja nyuma yake, ile waliyojengewa wafanyakazi wasio na wake, ingawa mke nilikuwa naye. Tulipeana moto, tulipeana chumvi. Mwanzo wa miaka ya tisini wakaambiwa na wakubwa wa mkoa, watu wa Kasai wote, warudi kwao. Na wengi kwao walikuwa hawajawahi kufika. Vijana walipita barabarani wakiimba na kubeba magogo. Sikubeba gogo. Lakini nilisimama mlangoni kwangu mikono mitupu, na mdomo wangu ulikuwa mtupu vilevile. Jirani akaja nyuma ya nyumba, mkewe na watoto wanne wakiwa na vifurushi tayari, akaniwekea ufunguo mkononi. Alisema, na "paka" kwetu hapa ni "tu" au "mpaka", haina habari na rangi: "Unilindie paka hii nyumba. Mambo ikitulia, tutarudi." Wakaenda stesheni kungoja treni pamoja na maelfu ya wenzao, na walingoja sana. Nilikwenda mara moja na bukari, ugali wetu, katika sufuria. Sikurudi mara ya pili. Watu pale walikuwa wanakutazama.

Wiki ya kwanza nililala mle kulinda, kweli kulinda. Wiki ya pili nikaleta mbabula yangu, jiko langu la makaa. Kufika msimu wa mvua, mke na watoto walikuwa ndani. Miaka ikapita, ikaja habari kwamba anayekaa ndani anaandikiwa karatasi ya nyumba, nami nikaandikiwa. Hiyo ndiyo njia yote. Hakuna mahali ndani yake ambapo nilisema, sasa naiba.

Kulikuwa na chumba kidogo, cha watoto. Kwenye ukuta mmoja jirani alikuwa anapima watoto wake kila Noeli. Anamsimamisha mtoto, anaweka ubao kichwani, anavuta mstari wa makaa. Safu nne, kila mtoto safu yake, mistari inapanda kama ngazi. Safu ya nne, ya mdogo kabisa, ilikuwa na mistari miwili tu. Niliipaka chokaa mwezi wa kwanza. Ikapotea. Lakini kila nilipopaka upya, mwaka hadi mwaka, nikilowesha tu, wanarudi wote wanne na kusimama pale mpaka chokaa ikauke. Nilizoea kupaka ukuta ule nikitazama sakafu. Marehemu mke wangu hakuuzoea. Alikuwa anabisha hodi kabla ya kuingia chumba kile, hata akijua ni kitupu, na anangoja kidogo, kama mtu anayesubiri kujibiwa. Watoto wetu hawakulala mle. Tuliweka unga na baiskeli.

Mwaka jana, kiangazi, binti yangu wa mwisho, aliyezaliwa katika nyumba hiyohiyo, akaniambia watu wa mchumba wake watakuja Siku ya Mungu, yaani Jumapili, kujitambulisha.

"Baba, bale bantu bataingia huku?" Akazungusha mkono sebuleni. "Salo yetu iko sawa na jiko."

"Ile jiko njo ilikulisha, mama," nikamjibu.

"Ilinilisha na moshi yake." Akanionyesha simu. "Tazama. Banapaka chini rangi ingine, juu ingine. Hapa banakata karto, banatengeneza maua. Hakuna kitu ya kulipia."

"Hawa bantu iko na ukuta mipya."

"Iko na nguvu, baba. Weye iko na mudomo."

Basi tukaanza. Nasema kweli, sijafurahi vile tangu mama yake afe. Sebule tuliipaka nyeupe juu, na chini, mpaka kwenye kiuno, tukatia udongo mwekundu wa kichuguu katika chokaa, ikatoka rangi ya ngozi ya kuku wa kukaanga. Mpakani akapitisha mstari wa buluu, ile ya kufulia mashati, kidogo tu katika kikombe. Akakata maua katika karto, boksi la sabuni, akachovya sponji ya godoro, akapiga maua pembeni mwa mlango, moja likienda kombo, nikamwambia hilo ndilo la kwangu. Viti vinne vya zamani tukavisugua kwa mchanga na kuvipaka masalio ya rangi ya geti la jirani wa sasa. Njano tulikosa. Mtu mmoja alisema anaweza kutuletea udongo wa njano mzuri ajabu kutoka upande wa Shinkolobwe, kwenye mgodi wa urani. Nikamwambia autumie kwanza katika chumba cha mama mkwe wake, tumtazame mwaka mmoja.

Siku ya tano, yaani Ijumaa, tungefika chumba kidogo. Nilikuwa nimepanga kukipaka mwenyewe. Lakini Jumatano mchana, mimi niko uani nachuja chokaa, nikasikia ndani maji yanamwagwa, na baada ya muda sauti yake, si ya juu.

"Baba, kuya kuona."

Nikajua. Niliingia polepole kwa makusudi, nikidhani labda ukuta utakauka.

Alikuwa amesimama katikati ya chumba na ndoo tupu. Ukuta wote umelowa. Na wao wapo, wanne, weusi kuliko nilivyowahi kuwaona, maana alilowesha kwa nguvu za ujana.

"Mu hii chumba kuko bantu," alisema.

"Alama za fundi ile. Fundi wa matofali. Anapima."

"Fundi anapima matofali na makala ya jiko? Huyu anapanda mwaka na mwaka. Na huyu. Na huyu." Akaenda kwenye safu ya nne, akasimama nayo, akaangalia chini kwenye mguu wake. "Huyu aliishia hapa. Anafika paka hapa kwangu. Alienda wapi, baba?"

Nikamwambia akachote maji mengine. Aliporudi mistari ilikuwa imeanza kufifia. Ila jioni ile, kabla ya kwenda kuchukua unga mle ndani, nilimsikia akibisha. Mama yake hakuwahi kumfundisha.

Alhamisi, jua likiwa juu ya kichwa, akaja mtu.

Binti alikuwa nje anapaka matairi mawili ya kuotesha maua, mimi nipo kwenye kiti nikitoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba. Mtu wa makamo, shati safi, viatu vya vumbi. Alisimama kwenye ua wa nyasi bila kupiga hodi, akitazama nyumba, si sisi. Halafu akaingia moja kwa moja kuelekea mlango wa mbele. Sasa sikiliza. Zamani mlango ule ulikuwa na ngazi moja ya simenti. Niliivunja mwenyewe, magoti ya mke wangu yalipoharibika, zamani sana. Yule mtu alipofika mlangoni alinyanyua mguu juu, akakanyaga mahali ambapo ngazi haipo, na karibu aanguke.

Binti akacheka. "Baba, iko nini? Hakuna kitu pale."

Mtu akacheka pia, akishika mwimo wa mlango. "Njo ile nimeona."

Mimi sikucheka.

"Jambo, muzee," akasema. "Minaomba mayi ya kunywa."

"Jambo, mutoto yangu. Unatoka wapi?"

"Na treni. Kule juu."

"Kule juu ni mbali."

"Njo juu ya ile niko na kiu."

Kiswahili chake kilikuwa chetu kabisa, cha hapa hapa, ila kilikuwa kidogo. Kilikuwa Kiswahili cha mtoto wa miaka tisa katika mdomo wa mtu mwenye mvi. Maneno ya michezo alikuwa nayo, maneno ya ukubwa alikuwa anayatafuta na kuyakosa. Alikiacha mahali fulani na hakukitumia tena.

Binti akamletea maji, na kwa kuwa ana mdomo kama wangu, akamwonyesha sebule, maua, mstari wa buluu. Mtu akasifu. Alisimama mbele ya ukuta wa kulia, ukuta mtupu, akageuza kichwa na kukunja macho kidogo, kama mtu anayetazama nje kwenye mwanga. Pale palikuwa na dirisha. Niliziba kwa matofali mwaka ule wizi ulipozidi. Binti hajawahi kuliona dirisha lile.

Aliomba kusaidia. Alisema treni yake ya kurudi bado, mikono inamwasha kukaa bure. Akapaka tairi la pili, na alipaka vizuri, bila kudondosha. Mimi nilikaa nikihesabu alama. Ngazi. Dirisha. Miaka tisa ya Kiswahili. Ni yupi kati ya wale watoto wanne wa karani? Kwa vyovyote amekuja kuchukua nyumba. Nilimwona amekaa katika kiti changu kilichopakwa rangi ya geti, mimi na binti yangu tumesimama nje na vifurushi, wakwe wanafika Siku ya Mungu na kuuliza, huyu mzee anakaa wapi?

Tulipokaa kula, bukari na sombe ya majani ya mihogo, nilifanya jambo la kipumbavu. Hakuna aliyeniuliza, nikasema:

"Hii nyumba iko na karatasi. Karatasi yote. Ya muhuri."

Binti akaniangalia. Mtu akamega tonge lake, akalizungusha mkononi.

"Sawa, muzee. Ni muzuri kuwa na karatasi."

Halafu akauliza, akitazama sahani: "Kile chumba kidogo, mumekipaka?"

"Bado," binti akasema. "Kesho. Na kile iko na maajabu, utaona. Ukimwangia mayi..."

"Kesho," nikamkata. "Kesho tutapaka."

"Ntakuya kesho, basi," mtu akasema. "Nisaidie paka kile chumba. Halafu niende."

Alipoondoka nilimtuma binti sokoni kutafuta chumvi zaidi, kisha kwa shangazi yake kuazima vitambaa vya meza. Kisha nikaingia chumba kidogo na chuma cha kukwangulia, nikafunga mlango, mchana kweupe.

Nilijua kazi yangu. Ukuta mkavu haukwanguki sawasawa, lazima uloweshe. Nikalowesha, nao wakaja. Nilisema kwa sauti, samahani, kama unavyosema ukiwapita watu wamekaa. Nikaanza na mkubwa, kutoka juu. Chokaa ya miaka thelathini ilitoka kwa maganda, tabaka juu ya tabaka, kila mwaka wangu mmoja, na chini yake makaa yalikuwa mabichi kama yaliyochorwa asubuhi. Nilikwangua mpaka kwenye plasta. Mkubwa akaisha. Wa pili akaisha. Wa tatu. Kila nilipogeuka kuchovya kitambaa niliona kama waliobaki wamesogea karibu na kila mmoja, najua si kweli, ukuta hausogei, lakini nakueleza nilichokiona.

Wa nne ndiye aliyenitesa. Mistari miwili tu, lakini makaa yaliingia ndani ya plasta, sijui kwa nini, labda aliyevuta mstari alibonyeza kwa nguvu kwa sababu mtoto alikuwa hatulii. Ilibidi nipige magoti. Nilikwangua nikiwa nimefumba macho mara nyingine. Nilipomaliza nikasiliba ukuta wote kwa simenti nyepesi, ili hata ukilowa usiseme kitu milele, na chokaa juu yake. Binti aliporudi aliona unga mweupe kwenye nywele zangu.

"Umekipaka peke yako?"

"Mgeni si wa kutumikisha," nikasema.

Alitazama magoti yangu, ambayo huwa hayakunjiki, na suruali ilivyochafuka pale.

Ijumaa asubuhi mtu akaja, safari hii akapita mlangoni bila kunyanyua mguu. Alivua viatu, akaviweka nje ukutani vikiwa vimeelekea barabarani. Akaomba ndoo. Binti alikuwa sebuleni anamalizia maua. Mimi nikamfuata yule mtu mpaka kwenye mlango wa chumba kidogo na kusimama pale kama askari.

Aliona kwamba kumeshapakwa. Hata hivyo akachovya brashi katika maji matupu, akaanza kulowesha ukuta ule, ule mmoja tu, kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu, bila kuruka mahali. Alijua safu ya nne ilikuwa upande gani. Alipofika kule alishuka magotini, akalowesha chini, akakaa kwenye visigino vyake akingoja.

Ukuta ukawa wa kijivu. Kijivu kimoja, toka kona hadi kona.

Akalowesha tena. Maji yalitiririka mpaka sakafuni. Akaweka kiganja chake kwenye ukuta, chini, akakisogeza juu kidogo, akakishusha, kama kipofu anayetafuta kitasa. Kule sebuleni sponji ya binti ilisikika ikibonyeza maua.

"Tulikuwa batoto bane," alisema bila kunigeukia. "Mudogo alibakia pa gare, kule tulikuwa tunangoja treni. Alikuwa anahara, halafu aliacha. Mama alimubeba siku mbili, banamwambia mutoto ameenda, hasikie. Hakuna foto. Baba alikuwa anasema, foto yake iko kwa ukuta kule nyumbani. Urefu yake iko kule. Baba amekufa mwaka huu. Minasema niende nione paka hiyo."

Nilisema neno la kwanza lililokuja, na lilikuwa hili:

"Nilizani unakuya juu ya nyumba."

Akageuka. Alinitazama bila hasira. Ningependa kusema kwamba palikuwa na hasira.

"Niko na nyumba, muzee. Niko na bibi na batoto." Halafu: "Mulipaka lini hapa?"

"Jana. Nilikwangua."

"Mulimuona?"

"Nilimuona."

"Alikuwa anafika wapi?"

Nikafungua mdomo. Nimeuona mstari ule zaidi ya miaka thelathini. Nimeukwangua kwa mkono wangu mwenyewe jana yake. Nikatazama ukuta, nikatazama mkono wangu. Nilikuwa nikitazama sakafu miaka yote, na ile siku ya mwisho nilifumba macho.

Binti alikuwa amekuja nyuma yangu, sijui tangu saa ngapi, sponji mkononi, inadondosha buluu. Akanipita. Alikwenda akasimama penye safu ya nne, mgongo ukutani, katika nguo yake ya kazi, maji yakimlowesha.

"Miye nilimuona siku ya tatu," alisema. "Nilisimama naye. Anafika hapa." Akaweka ukingo wa mkono kwenye paja lake, karibu na nyonga.

Mtu akainama karibu, akatazama mkono ule. Alikuwa na uso wa mtu anayetazama ndani ya kisima.

"Hapa," binti akasema. Kisha akaupandisha kidogo. "Hapana. Ngoja. Nilikuwa na viatu. Ao bila viatu." Akaushusha. "Hapa." Akaupandisha tena. Machozi yalikuwa yanamtoka, na mkono ulikuwa unapanda na kushuka kwenye mguu, urefu wa vidole vitatu, na mtu alikuwa anaufuata kwa macho kila unapokwenda, juu, chini.

Aliufuata muda mrefu. Halafu akasimama. Akaiweka brashi ndani ya ndoo, akanawa mikono kwenye yale maji yenyewe, akaikausha kwa shati. Alipopita mlangoni pa chumba nilimpisha. Nje akavaa viatu, akafunga kamba moja, akafunga ya pili, akatoka barabarani, akashika upande wa chini. Nilimwangalia mpaka kwenye kona ya kisima cha bomba, ambako wanawake walikuwa wamepanga madumu. Aliyapita madumu kwa uangalifu asiangushe hata moja. Hakugeuka, na hajarudi.